Pesa ya serikali na sisi watu wa mwalo: maswali mnayoniuliza kila wiki

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba kwenye mwalo mmoja, yaani ufuo ambapo boti za samaki zinafika, wa Ziwa Albert, upande wa Uganda, hapa kwetu ambapo Mualuri, Mnyoro, Mgungu na Mkongo wakikutana wanaongea Kiswahili tu ndio biashara iende. Kila wiki watu wananiletea maswali yale yale kuhusu pesa ya serikali, nani anapata, nani hapati, mbona jirani amepata na mimi bado. Nimeamua kuandika majibu mara moja, usome kwa simu yako na umsomee pia mama anayekausha samaki ambaye hana muda wala hajui kusoma. Mengi humu yanawahusu hata watu wa Kyoga, Edward, George na Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, manake programu ni za nchi nzima.

Hii pesa ya wavuvi ipo kweli ama ni maneno ya kampeni?

Ipo, ila usitafute dirisha moja lililoandikwa "wavuvi" ukapange laini hapo. Imetawanyika kwenye programu za watu wote: PDM, Emyooga, UWEP ya wanawake, ile ya vijana, GROW, na mikopo ya kilimo inayopitia benki. Mvuvi anaingia humo kama mwananchi mwingine yeyote na ni Emyooga ambayo imetaja wavuvi kwa jina.

Shida yetu naiona hivi, na nitairudia mara nyingi humu ndani: hizi programu karibu zote zilitengenezwa kwa kumfikiria mkulima, mtu mwenye shamba, ukienda leo yupo, ukienda mwaka ujao yupo pale pale na mihogo yake. Sisi tunafuata samaki. Baria, yaani mtu anayevua kwenye boti ya mwingine, yuko Butiaba mwezi huu, mwezi ujao yuko Panyimur, baadaye Ntoroko, na afisa akija kuandika majina anakuta banda halina mtu. Pesa inaenda kwa jina ambalo limeandikwa na limekaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtu wa mwalo, kabla ya kuongea habari za injini na nyavu, ni kufanya jina lake likae mahali.

PDM ni nini hasa?

Parish Development Model, rais aliizindua Kibuku Februari 2022. Serikali inapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi (eneo la utawala la vijiji kadhaa, si parokia ya kanisa) kwa mwaka wa fedha, na Uganda ina parishi zaidi ya 10,500, fikiria hapo. Pesa inaingia kwenye SACCO, yaani ushirika wa akiba na mikopo, wa parishi, halafu kaya inakopeshwa mpaka milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Asilimia 6 ya milioni ni elfu 60. Linganisha na yule wa mtaani anayekukopesha laki mbili leo anataka laki mbili na elfu arobaini mwisho wa mwezi, hapo utaona kwa nini nawasukuma watu waende PDM kwanza.

Walengwa ni kaya ambazo bado ziko mkono kwenda kinywani, zile asilimia 39 ambazo serikali ilisema hazijaingia kwenye uchumi wa pesa. Samaki wako kwenye orodha ya mazao ya PDM pamoja na kahawa, kuku, nguruwe, maziwa na mengine. Hupewi mkononi, inaingia kwa akaunti au kwa Wendi, ile pochi ya simu ya benki iliyoitwa PostBank, sasa Pearl Bank, kwa hiyo laini ya simu lazima iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Nimeona mtu amekwama miezi kwa sababu laini yake ilisajiliwa kwa jina la shemeji.

Ili uingie unahitaji kitambulisho cha taifa chenye namba ya NIN, uwe mkazi wa hiyo parishi, kaya yako iwe imeandikwa kwenye mfumo wao, na uwe ndani ya kikundi cha kazi, mfano kikundi cha wafuga samaki au wachakataji. Kuna mgao pia: asilimia 30 ni ya wanawake, 30 vijana, 10 watu wenye ulemavu, 10 wazee, 20 wanaume. Wanaume wa mwalo huwa wanalalamika sana hapo, lakini ukiangalia ufuo wetu asubuhi, wanaoshinda kwenye samaki baada ya boti kufika ni akina nani? Ni akina mama. Mimi huo mgao naukubali.

Mimi ni baria, sina boti, nalala kwenye banda la mwenye boti. Naweza kupata PDM?

Unaweza, na wewe ndiye ninayekufikiria zaidi nikiandika hii, kwa sababu mwenye boti ana njia nyingi, wewe huna.

Baria analipwa kwa mgao wa samaki, akirudi bila samaki hana kitu, hana barua ya kazi, hana dhamana, na mara nyingi hata kitambulisho kimebaki kijijini kwao alikotoka. Ukijaza fomu wanauliza kaya yako iko wapi na wewe unasema kwa boti. Haiwezekani. Fanya hivi: chagua mwalo mmoja uwe kwenu, hata kama unazunguka kufuata samaki. Jiandikishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa hapo, kuna daftari la wakazi, hakikisha uko ndani. Chukua barua. Nenda kwa chifu wa parishi umwone kwa macho na akuone, usitume mtu. Ingia kwenye kikundi cha akiba hapo mwalo na uweke hata elfu mbili kwa wiki, na ukisafiri tuma kwa simu. Baada ya miezi sita watu wote wanajua wewe ni wa hapa, na kikundi kikitaja majina jina lako linatajwa.

Kama una mke na yeye amebaki nyumbani kijijini, kaa chini muongee ni wapi kaya inaandikwa. Kaya ni moja. Mkiandika huku na kule mfumo utawakamata na mtakosa pande zote mbili.

Zamani hii kazi ya majina ilikuwa inafanywa na BMU. Kanuni za 2003 zilianzisha hizo kamati za mwalo, zikawa na daftari la wenye boti, mabaria, wachuuzi, watengeneza boti, na baria alikuwa na nafasi yake kwenye kamati. Zilisimamishwa mwaka 2015 kwa sababu ya malalamiko ya rushwa na uvuvi haramu. Malalamiko mengine yalikuwa ya kweli, siwezi kukataa, lakini daftari nalo likapotea, na tangu hapo mtu wa kusimama akasema "huyu ni mvuvi wetu" ni mwenyekiti wa LC1 tu ambaye pengine mwenyewe ni mkulima wa mlimani.

Mwalo wetu ulimezwa na maji, sasa niko parishi nyingine. Jina langu liko wapi?

Hili swali linaniumiza. Maji yalipopanda 2019 na 2020 watu wa Butiaba na Ntoroko walipoteza nyumba, na Ziwa Victoria lenyewe Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja. Watu wakatawanyika. Kama bado umeandikwa kule ulikotoka, nenda kwa LC1 wa zamani akupe barua ya kuhama, upeleke kwa LC1 mpya, halafu uende na zote mbili kwa chifu wa parishi mpya uombe kaya yako iandikwe upya. Usiseme "nitaenda baadaye", milioni 100 za parishi zinagawanywa kwa kaya 100 tu ukipiga hesabu ya milioni moja moja, na foleni ni ndefu.

Wameniambia nilipe elfu hamsini ya fomu. Ni kweli?

Hapana. Usilipe. Ya PDM inatakiwa ifike yote, hakuna mtu wa ofisi anayestahili kukata chochote. Kwenye SACCO au kikundi kuna kiingilio na hisa, hizo ni zako na unapewa risiti na zinaandikwa kwenye kitabu. Kitu kisicho na risiti ni rushwa.

Nikidhulumiwa nashtaki wapi?

Anza na CDO, yaani afisa maendeleo ya jamii, wa gombolola (eneo lililo juu ya parishi), mpelekee kwa maandishi na ubaki na nakala. Ikishindikana kuna ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, kuna ofisi ya IGG, mkaguzi mkuu wa serikali, na kuna kitengo cha kupambana na rushwa cha State House ambacho kipo tangu mwisho wa 2018. Nendeni wengi, mtu mmoja anachoshwa haraka.

Emyooga inatofautiana vipi na PDM?

PDM iko parishi, Emyooga iko jimbo la uchaguzi, yaani konstituensi. Rais aliagiza ianze 2019, inasimamiwa na Microfinance Support Centre. Watu wamepangwa kwa kazi zao: bodaboda, saluni, mafundi seremala, wauza sokoni, washonaji, na wavuvi wamo. Kila kundi jimboni lina SACCO yake, na serikali iliweka milioni 30 za kuanzia kwa kila moja, isipokuwa ile ya viongozi waliochaguliwa ilipata milioni 50.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Jimbo lenye mialo minane na wavuvi elfu na kitu, milioni 30. Haitoshi. Inafanya kazi pale tu wanachama wenyewe wanapoongeza akiba yao juu, na pale mikopo inaporudi. Kuna SACCO za wavuvi ambazo zilikopesha watu ishirini wa kwanza, wakahama na samaki, na hapo mchezo ukaisha. Ukitaka kuingia, tengenezeni chama cha wavuvi kwenye parishi yenu kwanza ndio kiingie kwenye SACCO ya jimbo, na ulizeni kitabu cha madeni kikoje kabla hamjaweka hisa. Hiyo ni haki yenu, usione haya kuuliza.

Mimi ni mama, nakausha muziri, wale samaki wadogo wadogo. Kuna nini kwa ajili yangu?

Mama, kwako kuna mengi kuliko kwa mwenye boti, ila watu hawakuambii.

Kwanza UWEP, ilianza mwaka wa fedha 2015/16. Wanawake 10 mpaka 15 mnajiunga, mnaandika mpango wa kazi na CDO anawasaidia kuuandika, mnapata mkopo ambao mkirudisha ndani ya miezi 12 hauna riba hata shilingi, mkichelewa ndio inaingia asilimia 5. Pesa inayorudi inaenda kwa kikundi kingine.

Pili GROW, pesa ya Benki ya Dunia, dola milioni 217, imewekwa kwa wanawake wanaotaka kutoka biashara ndogo kwenda ya kati. Huu mkopo unapitia benki zilizochaguliwa, riba asilimia 10 kwa mwaka. Huu ni wa mama ambaye tayari anauza, ana kitabu cha mauzo na anataka kununua friza au kujenga stoo. Kama bado unauza kwa beseni, anza na UWEP au PDM, utafika.

Sasa ngoja niseme pesa ikusaidie kufanya nini, manake hapo ndipo ninaona tunakosea. Muziri na ragogi wa kwetu, na mukene (dagaa) wa Nalubaale, wengi bado wanaanikwa mchangani. Mvua ikija wakati wa mchana mzigo wote unaoza, na hata jua likiwaka unakuwa na mchanga ndani, mnunuzi anakwambia huyu ni wa chakula cha kuku, anakupa bei ya kuku. Samaki huyo huyo akianikwa kwenye kichanja, yaani nguzo za miti na wavu wa kivuli juu, anakauka haraka kwa sababu hewa inapita chini, hana mchanga, anaenda kwa chakula cha watu, na wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Sudan Kusini wanamtafuta. Kichanja si kitu cha mradi mkubwa. Milioni moja ya PDM inajenga vichanja, inanunua turubai la kufunika mvua na inabaki kidogo ya kununulia samaki asubuhi bila kumkopa mwenye boti. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko zote, kwa sababu mama anayechukua samaki kwa mkopo lazima akubali bei ya mwenye boti, na wengine mnajua wanadaiwa vitu vingine pia ambavyo si pesa. Mama akiwa na pesa yake mkononi boti ikifika, hayo yanaisha.

Wanaokausha samaki kwa moshi, wanaotia chumvi samaki aina ya angara wa kupeleka Kongo, wanaoshona nyavu, wanaopika chai na kalo (ugali) pale ufuoni, wabeba mizigo, wote hao ni kazi za mwalo na wote wanaweza kuomba. Kwenye fomu usiandike "mvuvi" kama kazi yako ni kukausha, andika kazi unayoifanya.

Vijana, walemavu na wazee je?

Programu ya vijana, YLP, ni ya miaka 18 mpaka 30, vikundi vya watu 10 hadi 15, masharti yanafanana na UWEP. Watu wenye ulemavu wana ruzuku yao ya taifa, kikundi kinapata mpaka milioni 5 na hiyo hairudishwi, kwa hiyo kama una ndugu aliyepoteza mguu au mkono ziwani mpeleke kwa CDO leo. Wazee wa miaka 80 kwenda juu kuna ile ya SAGE, elfu 25 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini mzee wa mwalo ambaye hajawahi kuwa na mshahara anaithamini sana, na wengine wanaikosa kwa sababu kitambulisho kimeandikwa umri mbaya. Angalieni hiyo tarehe ya kuzaliwa, NIRA, mamlaka ya vitambulisho, wanarekebisha.

Nikipata pesa ninunue nyavu?

Hapa nataka usome polepole.

Mwaka 2018 kikundi chetu kilikopesha wanachama watatu pesa ya akiba, wakaenda mjini kwa muuzaji mmoja akawauzia nyavu bei nzuri sana na kuwaambia zinakubalika. Hatukupima. Sisi viongozi hatukupima, hilo kosa nalibeba mimi pia. Doria ikaja ikapima macho ya wavu, yalikuwa madogo, zikachomwa zote mbele yetu. Wavu uliisha dakika kumi, deni likachukua miaka mitatu. Mmoja alitoroka, mke wake ndiye aliyemalizia kulipa kwa kuuza mandazi.

Kwa hiyo. Kuanzia 2017 doria ziwani ilipewa jeshi, kile kitengo kinaitwa FPU, na mengi yamesemwa kuhusu namna wanavyofanya kazi, kuna watu walioumizwa na hilo ni jambo zito. Lakini kwa mkopaji jambo la kukumbuka ni kwamba chombo haramu hakina mtetezi. Kokoro (nyavu za kuburuta ufuoni), nyavu za kurusha, nyavu za nyuzi ya plastiki zile wenzetu wa Nalubaale wanaita kirimululu, vyote haramu. Kwa Ziwa Victoria wavu wa ngege (sato) unaanzia inchi 5, wa mputa (sangara) inchi 7, boti isipungue futi 28, ngege chini ya inchi 11 na mputa chini ya inchi 20 usiguse. Kila ziwa lina masharti yake, kwa hiyo kabla ya kulipa nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya, mwambie akuandikie kipimo cha ziwa lenu kwa karatasi, ukanunue na hiyo karatasi na rula mfukoni. Sheria mpya ya Uvuvi na Ufugaji Samaki ya 2022 ndiyo inayotumika sasa, ile ya zamani ya tangu ukoloni imefutwa, na adhabu zimepanda.

Ushauri wangu wa ukweli: mkopo wa kwanza usiuingize majini. Uweke nchi kavu, kwenye vichanja, kwenye barafu, kwenye mtaji wa kununua na kuuza, kwenye kuku au nguruwe kando ya nyumba. Ziwa lina miezi mibaya na deni halijui miezi mibaya. Ukimaliza wa kwanza salama, wa pili nunua wavu halali na jaketi la kuokolea, na hilo jaketi usilisahau, tumezika vijana wa kutosha.

Je, pesa ya serikali inaweza kunitoa ziwani nifuge samaki?

Inaweza na serikali yenyewe inapenda hivyo, rais kila akiongelea mpango wake wa ekari nne anawaambia walio karibu na vinamasi wafuge samaki pembezoni. Ila bwawa linahitaji mtaji kuliko watu wanavyodhani. Kuchimba ni kazi ya mikono mnaweza kufanya kikundi, ila chakula cha samaki ndicho kinachokula pesa, kila siku, miezi sita hadi minane kabla hujauza chochote. Nimeona mabwawa mengi ambayo vifaranga waligawiwa bure enzi za mpango wa serikali wa Operation Wealth Creation na leo ni ya vyura, kwa sababu walileta vifaranga hawakuleta chakula wala fundi. Vifaranga nunua kwa watu wanaojulikana, kituo cha utafiti cha Kajjansi kinafundisha pia.

Kwa mtaji mkubwa, mfano keji (vizimba vya samaki) au mabwawa kadhaa, kuna Agricultural Credit Facility, mpango wa serikali na Benki Kuu tangu 2009. Unaomba kwenye benki ya kawaida, nusu ya pesa inawekwa na serikali bila riba, ndiyo maana riba kwako haipiti asilimia 12 kwa mwaka, unaweza kupewa mpaka miaka 8 ya kulipa na mpaka miaka 3 ya kupumua kabla ya kuanza. Kununua ardhi au kulipa deni la zamani hairuhusiwi. Wadogo wana sehemu yao ya mpaka milioni 20 ambayo haihitaji hati ya ardhi, na maafisa wa benki mara nyingi hawaisemi mpaka uulize, kwa hiyo iulizie mwenyewe. Benki ya Maendeleo ya Uganda, UDB, nayo inakopesha kwa kiwango kama hicho, ila ni ya miradi mikubwa au vikundi vilivyosajiliwa.

Na kama unafuga, chukua bima ya kilimo. Serikali tangu 2016 inalipia mfugaji mdogo nusu ya ada ya bima, na samaki wa kufugwa wamo.

Kuna punguzo la petroli kwa wavuvi?

Hakuna. Injini ya boti inakunywa bei ile ile ya bodaboda.

Nimesikia dunia imekataza serikali kusaidia wavuvi. Basi hizi pesa zitaisha?

Hapana, usiogope. Unachosikia ni mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, uliopitishwa Juni 2022 na kuanza kazi Septemba 2025. Unakataza serikali kutoa ruzuku kwa wanaovua kiharamu na wanaomaliza samaki waliokwisha pungua, lakini unahusu uvuvi wa baharini. Maziwa yetu na ufugaji hauvihusu. Ila sababu iliyowafanya wauandike ni ile ile tunayoiona hapa: ukimwaga pesa kwenye boti na injini wakati samaki wanapungua, unapata boti nyingi zinazogombania samaki wachache, na Albert hatuko peke yetu, upande wa pili wa maji ni Kongo, samaki ni wale wale. Ndiyo maana nikikutana na viongozi nasema pesa ya mwalo iende kwenye kuhifadhi na kuuza vizuri kile tunachovua, manake samaki anayeoza ufuoni tumemuua bure.

Mimi si raia wa Uganda lakini nimekaa hapa miaka kumi. Je?

PDM na Emyooga ni za raia, bila NIN haiendi. Usinunue kitambulisho cha mtu, ni kesi. Vikundi vya akiba vya mwalo vinakupokea, kwetu tuna wanachama kutoka Mahagi, Kongo, na wanakopa na kulipa vizuri tu.

Ukweli ni deni ama ni zawadi ya serikali?

Isipokuwa ile ruzuku ya walemavu na ya wazee, ni deni. Najua kwa nini watu wanachanganyikiwa. Wazee wanakumbuka Entandikwa ya miaka ya tisini, wengine wanakumbuka Bona Bagaggawale, pesa ilikuja karibu na uchaguzi, watu wakala, hakuna aliyefuatwa, na mpango ukafa. Sasa mtu akipata milioni ya PDM anasema "ni yetu". Lakini hii imeundwa izunguke. Ukikaa nayo, jirani yako aliye namba 101 kwenye foleni ndiye hapati, na huyo unamjua kwa jina, unakutana naye kisimani.

Na ulipe hata ukihama. Ukienda mwalo mwingine mwambie mweka hazina, mpe namba ya simu, lipa kidogo kidogo. Baria mmoja wetu alihamia Kyoga miezi tisa na hakukosa hata wiki moja, aliporudi kikundi kilimkopesha mara tatu ya mwanzo bila maswali.

Baria anaweza kuweka akiba ya uzeeni?

Ndiyo, tangu sheria ya NSSF ibadilishwe 2022 mtu yeyote anaweza kuweka kwa hiari, hata asiye na mwajiri, kwa simu. Msimu wa samaki wengi weka hapo kabla pombe haijachukua.

Tuko watu kumi na wawili, hatuna kitu. Tuanze wapi kesho?

Kesho msiende ofisini. Kaeni chini ya mti, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, angalau wawili kati ya hao watatu wawe akina mama, nasema hivi kwa kuona vitabu vingi. Andikeni jina la kila mtu, NIN, simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na kazi yake. Wasio na kitambulisho waanze safari ya NIRA wiki hii hii. Wekeni akiba siku moja ya wiki isiyobadilika, sanduku la funguo tatu, watu watatu tofauti. Baada ya wiki nne hivi nendeni kwa CDO wa gombolola mkiwa na kitabu, mwambieni mnataka kusajiliwa, atawapa fomu na cheti cha kikundi, halafu fungueni akaunti kwa jina la kikundi. Ukiwa na cheti, akaunti na kitabu cha akiba kinachoonyesha miezi mitatu, mlango wa UWEP, YLP na Emyooga unafunguka kwa urahisi, na PDM chifu wa parishi anawatambua kama kikundi cha kazi.

Wekeni na nakala ya kitabu kwa nyumba iliyo juu, mbali na maji. Yetu ya kwanza ilichukuliwa na ziwa 2020, tuliandika majina yote upya kwa kukumbuka tu.